"Hatumlilii": kisa cha maziko ya mwanasiasa aliyeitetea Israel, kaskazini Pemba

Kisa hichi kimetokea kijiji kimoja wilaya ya Wete, Pemba, mwisho wa Mei 2024. Majina nayaacha yote, la marehemu, la wanawe, la msikiti, na chama chake pia nakiacha, mana mjane yupo, vijana wapo, na kisiwa chetu hichi ukitaja mwembe tu watu washajua mwembe wa nani. Nimezungumza na waliochimba kaburi na waliokataa kulichimba, ntaeleza kama nilivyoelezwa halafu ntasema ninavyoona mimi, na najua kuna watakaokasirika kote kuwili.

Marehemu alikuwa mtu wa siasa tokea vyama vingi viliporudi 1992. Kapata udiwani, kagombea uwakilishi kakosa, kisha akabaki kuwa yule mtu wa chama ambaye mgeni akija kutoka Unguja au bara anafikia kwake. Mkali wa maneno, hapendi kushindwa kwenye barza, lakini huyohuyo ndo aliyekuwa akimaliza kesi za mipaka ya mashamba ya mikarafuu bila ya watu kufika mahakamani, na mtoto wa mtu akifaulu akakosa nauli ya meli kwenda kusoma Unguja alikuwa anagongewa yeye mlango usiku na anatoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipelekwa Israel kozi ya kilimo, mambo ya umwagiliaji wa matone. Wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel 1973, enzi za Mwalimu Nyerere, baada ya vita vya Oktoba, ikaja kuurudisha 1995, kozi za kilimo zikarudi, na 2018 tukafungua na ubalozi Tel Aviv. Kozi yake ilikuwa ya wiki chache tu lakini zilimkaa. Kaona jangwa linatoa tungule, karudi na mipira yake ya kumwagilia kajaribu kwenye shamba lake la bondeni, na kila akizungumza kilimo lazima awataje waliomfundisha, na kwa wema. Watu walishamzoea hivo, hakuna aliyemnunia kwa hilo miaka yote.

Ikaja tarehe 7 Oktoba 2023. Hamas wakaingia Israel kutoka Gaza, wakauliwa watu kiasi ya 1,200, wakachukuliwa wengine kiasi ya 250, na katika waliokumbwa siku ile walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo. Mmoja kifo chake kilithibitishwa Novemba, wa pili Disemba, na mwili wa huyu wa pili ulibaki Gaza mpaka Novemba 2025 ndo ukarudishwa. Hapa ndipo mzee wetu alipoanza kusema. Wanawe wananambia alilia habari za vijana wale kama kafiwa yeye, mana walikwenda kutafuta kitu kilekile alichokwenda kutafuta yeye, na usiku huo ndo akarikodi ile sauti yake ya WhatsApp iliyozunguka kisiwa kizima, akisema Israel ina haki yake yote na watu wa Gaza "wameyataka wenyewe".

Kama angesema wale vijana wawili wameuliwa kwa dhulma na wana mama zao wanawalilia Kilimanjaro na Manyara, hakuna Mpemba ambaye angemjibu kitu. Ile "wameyataka wenyewe" ndo iliyomkata na watu. Kwa sababu alipokuwa akiisema Gaza ilikuwa ishazikwa maelfu, wengi wao wanawake na watoto, na akaendelea kuisema wakati idadi ya Wizara ya Afya ya Gaza ikipanda mwezi hadi mwezi, na Ramadhani ilipoingia Machi 2024, imamu akawa anasoma kunuti ya kuwaombea watu wa Gaza, yeye akitoka tarawehe anakaa barzani anasema imamu anaingiza siasa msikitini. Mbele ya watu. Hakuwahi kurudi nyuma hata neno moja.

Sasa vijana. Ni vijana wa mtaa, wengine wavuvi, wengine bodaboda, wengine wamemaliza skuli wanasubiri, na wana grupu lao ambalo mwanzo lilikuwa la mpira kisha likawa la kukusanya michango ya Gaza. Baadhi yao nauli ya kwanda kabisa ya meli walitoa mfukoni mwa mzee huyohuyo. Walimsikia anavyosema, wakakasirika sana, wakaandikiana sana. Usoni kwake hakuna aliyemwambia kitu. Wakimuona njiani ni shikamoo ami, anaitikia marahaba, wanapita.

Tarehe 26 Mei 2024 ndo usiku ule wa Rafah, mahema ya watu waliokimbia vita yakapigwa yakawaka moto, viongozi wa afya wa Gaza wakasema wamekufa watu 45. Wakati huo waliouliwa Gaza walikuwa washapindukia 35,000. Picha zile kila mtu alikuwa nazo mkononi, sina haja ya kuzieleza. Siku chache baadae mzee akafa, alikuwa na sukari ya muda mrefu na mafigo yakamkataa, kafa alfajiri na maziko yakapangwa baada ya Adhuhuri.

Kwetu mtu akifa hakuna anayeitwa kuchimba kaburi. Tangazo likitoka msikitini vijana wa mtaa wenyewe wanabeba majembe, sururu na mabeleshi wanatangulia, wengine wanatafuta mbao, na mpaka maiti inakoshwa na kukafiniwa kaburi lishakuwa tayari. Siku ile hawakuja. Kwenye grupu mmoja wao aliandika "Hatumlilii", akaiweka picha ya marehemu pembeni ya picha ya mahema yanayoungua, na chini yake akaandika na akalale na aliokuwa akiwalilia. Kufika Adhuhuri ile picha ishafika Unguja, Dar na Muscat, na kwenye simu ya mtoto wa marehemu pia, yule mvuvi, ambaye wakati huo alikuwa ndani ya shimo anamchimbia babaake kaburi yeye mwenyewe pamoja na binamu zake na watu wachache waliokuja kwa gari kutoka Konde. Kaburi halikumalizika mpaka Alasiri. Jeneza likakaa likingoja.

Imamu alimswalia, yuleyule aliyeambiwa anaingiza siasa msikitini. Safu zilikuwa tatu, nusu yake wageni.

Halafu pale makaburini likatokea la pili, ambalo kwa maoni yangu ndo baya kuliko yote na ndo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Viongozi wa chama walikuja na gari zao, na baada ya maiti kufukiwa mmoja wao akaomba neno, akasimama akasema marehemu alikuwa jasiri wa kusema ukweli juu ya magaidi hata pale watu wake wenyewe walipomkimbia. Juu ya kaburi bichi, talkini, yale maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, bado. Kuna vijana kama watano hivi ambao walikuwa wamejilazimisha kuja kwa ajili ya wanawe, wamesimama kwa nyuma, waliposikia maneno yale wakageuka wakaondoka. Na mimi sioni kwa nini wangebaki.

Matanga. Hapa kuna kitu wanaume wote niliozungumza nao wanakipita haraka haraka na mimi nataka nikae nacho. Wanawake walikuja wote. Kila nyumba, na nyumba za wale vijana zimo. Walikuja na mchele, nazi na kuni, wakatandika mikeka wakakaa na mjane mpaka siku ya tatu, na mama wa yule kijana aliyeandika "Hatumlilii" ndo aliyekuwa anasimamia jiko. Nilimuuliza kama hakuona tabu. Kanambia yeye hakwenda kwa ajili ya yule bwana, kenda kwa mwenzake aliyefiwa, na kama ni Gaza basi dua ya Gaza waliiomba palepale matangani na mjane akaitikia amini. Mtume (SAW) alipopata habari ya kufa Jaafar bin Abi Talib alisema watengenezewe chakula watu wa Jaafar kwani wamefikwa na la kuwashughulisha, na amri ile inamtizama aliyefiwa. Wanawake wa kijiji kile waliifanya bila ya kuhitaji mtu kuwasomea.

Upande wa wanaume hitma ya siku ya tatu ilikuwa na watu wa kuhesabika. Vijana hawakwenda kutoa mkono. Binti wa marehemu anasomesha chuo cha Kurani, na wiki zilizofuata baadhi ya watoto hawakuletwa. Watoto wa kiume wa marehemu wakahama msikiti, Ijumaa wakawa wanaswali kijiji cha pili.

Basi hicho ndo kisa. Sasa niseme.

La kwanza, vijana wale walikuwa na haki ya kutomlilia, na nalisema hili bila ya kulizungushia maneno. Huzuni haiamrishwi. Mtu aliyesema juu ya watoto waliofukiwa na vifusi kwamba wameyataka wenyewe, akaendelea kusema hivo miezi na miezi, hawezi kufa leo halafu watu waambiwe toeni machozi. Na wale wanaokimbilia kusema "marehemu hasemwi" wasome vizuri, mana ipo hadithi kwa Bukhari na Muslim, jeneza lilipita watu wakalisifu, Mtume akasema imewajibika, likapita jengine watu wakalisema kwa ubaya, akasema imewajibika, na akawaambia nyinyi ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Hakuwafunga midomo. Ni kweli pia ipo ile ya Bibi Aisha, msiwatukane maiti kwani washayafikia waliyoyatanguliza, nayo iko kwa Bukhari, na mimi nazisoma pamoja: kusema jambo alilolisema mtu hadharani, kwamba lilikuwa baya, hilo ni ushahidi. Kumuunganisha na moto wa Rafah kwenye picha na kumwambia akalale na wenzake, hayo ni matusi.

Na wale wanaowaambia vijana Gaza inakuhusuni nini nyie watu wa Pemba, hawa hawaijui hata historia ya nchi yao. Tanzania ilivunja uhusiano na dola nzima kwa ajili ya Wapalestina, PLO, jumuiya yao ya ukombozi, wakapewa ofisi Dar es Salaam tokea 1973, na Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar huyu, miaka hiyohiyo alikuwa New York anaongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni. Kuwaonea uchungu watu wanaonyimwa nchi yao ni jambo tulilolelewa nalo, wazee wetu walilifanya kwa Msumbiji na kwa Afrika Kusini, na kijana wa Wete anayetoa elfu mbili yake ya bodaboda kwa ajili ya Gaza anaendeleza kazi ileile. Kwa hiyo marehemu na vijana hawakuwa wanagombania upuuzi wa mbali. Jambo lilikuwa zito na ndo mana nasema lilistahiki kuzungumzwa kiwatu wazima.

La pili, ile hoja yao ya aya. Mmoja wao, kijana ambaye kasoma, alinisomea Surat Tawba aya ya 84, wala usimswalie yeyote katika wao akifa wala usisimame kaburini kwake. Nikamwambia aya ile imeshuka kwa wanafiki, na habari yake mashuhuri ni ya Abdullah bin Ubayy, na wewe umeijuaje nafsi ya mzee huyu wakati Mtume mwenyewe wanafiki alijulishwa kwa wahyi, na majina yao aliambiwa Hudhaifa peke yake, mpaka Sayyidna Umar ikawa anamtizama Hudhaifa kwanza, asiposwali yeye na Umar haswali. Sisi hatuna Hudhaifa pale kijijini. Tuna mtu aliyekuwa anafunga, anaswali safu ya mwanzo, na ana maneno mabaya juu ya vita. Na hata huyo Ibn Ubayy, kabla ya aya kushuka mwanawe, ambaye alikuwa Muislamu safi, alikwenda kumuomba Mtume kanzu yake amkafinie babaake na akapewa. Mwana alistahiwa. Kijana yule alininyamazia kidogo halafu akanambia, sawa, lakini Mtume pia alikataa kuwaswalia baadhi ya Waislamu.

Na hapo kasema kweli, na hii ndo hoja nzito kwao kuliko ile aya na ningependa wangeianza hii. Aliletwa maiti ana deni, Mtume akasema mswalieni mwenzenu, yeye akakaa mpaka Abu Qatada alipolibeba deni. Aliletwa aliyejiua, hakumswalia. Kwa hiyo mtu mwenye hishma anaweza kukaa pembeni ili watu wajue jambo lile lilikuwa zito. Lakini tizama alivyosema: mswalieni mwenzenu. Yeye kakaa, maziko hayakusimama. Hakuna hata mara moja aliyekaa pembeni halafu jeneza likangoja kaburi. Na maiti kwetu ni fardhi kifaya, wote wakiacha wote wana dhambi, siku ile dhambi imeondoka kwa mgongo wa yule mvuvi na binamu zake. Vijana wangetaka, wangegawana, wawili watatu wachimbe na kuondoka kabla ya kuja jeneza, wengine wakae majumbani kwao, na ujumbe ungefika vilevile na pengine ungefika zaidi.

Sasa ujumbe ulimfikia nani? Hili ndo linaloniuma. Marehemu hakuusikia. Ulimfikia mwanawe shimoni na ulimfikia mkewe. Na mke yule, jambo ambalo vijana walikuja kulijua baadae kabisa, Ramadhani ileile wanawake walipokuwa wanakusanya michango alitoa vipuli vyake vya dhahabu kwa ajili ya Gaza bila ya mumewe kujua, vikauzwa, na pesa yake ikaingia kwenye mfuko uleule wa grupu la vijana. Hawakujua kwa sababu hawakuuliza. Walimchukua yeye na wanawe na binti yake mwenye chuo wakawafanya wote ni ulimi mmoja wa yule mzee, na wala haikuwa hivo, mtoto wake wa pili alikuwa akigombana nae kwa habari za Gaza mpaka wakawa hawakai pamoja kufutari.

Na ndo nafika kwenye jambo lenyewe ambalo nimeliandikia yote haya. Tokea ile sauti mpaka anakufa ni karibu nusu mwaka. Nusu mwaka mzee yupo, anakwenda msikitini kila siku, anakaa barza ileile, na kijiji kizima hakuna mtu aliyemfata nyumbani kwake akamwambia ami, maneno yako yale yametuumiza, hebu tukae. Imamu hakwenda. Wazee wenzake hawakwenda, walikuwa wanakunja uso tu wakimaliza kahawa wanaondoka. Vijana walikuwa wanamwamkia. Kila mtu nikimuuliza ananijibu yule mtu mzima bwana, utamwambia nini, na mimi najua hishma yetu ilivyo, mtoto hamkabili mzee, lakini tuna njia zetu, kuna kutuma mtu, kuna mashemeji, kuna sheha, kuna kumpeleka mtu anayemsikiliza akamkalisha chini baada ya Isha. Mtu aliyekuwa analia kwa ajili ya vijana wawili wa Kitanzania alikuwa na mahali pa kushikika. Angeweza kuambiwa, kile kilichokuliza kwa wale wawili ndo kinachotuliza sisi kwa wale maelfu. Pengine angekataa. Lakini hakuambiwa, na hasira yote ile iliyowekwa nusu mwaka ikaja kudaiwa kwa mtu ambaye hawezi tena kujibu wala kujirudi, na kwa kuwa yeye hawezi kulipa ikawa wanalipa waliobaki. Kwa mimi kosa la kijiji liko hapo, na ni kosa la wazee kabla ya kuwa la vijana.

Chama sasa. Yule aliyesema makaburini alikuwa na mambo mengi ya kumsifia marehemu ambayo hakuna mtu angeyapinga. Angetaja mipaka aliyoisuluhisha. Angetaja nauli, na nusu ya waliokuwa wanamsikiliza wangeinamisha vichwa. Kaacha yote kachukua lile moja linalowachoma watu, kwa sababu lilikuwa linamfaa yeye kwa siasa zake za siku ile. Alipomaliza kila aliyekuwa pale akajikuta kalazimishwa kuchagua, ukibaki unakubaliana na neno "magaidi", ukiondoka umemsusa maiti. Kumpa mtu mtihani kama huo juu ya kaburi ni dhulma, kwa waliokuja na kwa marehemu mwenyewe.

Na kususa Pemba sio neno jepesi. Vijana wale wengi wamezaliwa baada ya 1995 na hawayajui yaliyopita baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka ule, Dk. Salmin wa CCM katangazwa na asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF 49.8, CUF imechukua majimbo yote 21 ya Pemba, na watu wakaanza kususiana. Maduka yalisuswa, gari zilisuswa, harusi zilisuswa, na maziko yalisuswa, mtu anafiwa na jirani yake wa ukuta mmoja haji kwa sababu ya kadi ya chama, ndugu wa baba mmoja hawazikani. Ikaja Januari 2001 wakauliwa watu zaidi ya 30 kwenye maandamano na wengine kwa elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Ilichukua mpaka Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakae, na Julai 2010 watu wapige kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndio, ndo mikono ikaanza kupeanwa tena. Na bado 2016, baada ya uchaguzi wa marudio, ikarudi. Mnakumbuka Agosti ya mwaka ule kwenye msiba wa Mzee Aboud Jumbe, rais wa zamani wa Zanzibar, Maalim Seif hakuupokea mkono wa Rais wa wakati ule, Dk. Shein, na nchi nzima ikazungumza ule mkono kuliko ilivyomzungumza marehemu. Wapo waliomuona sawa na wapo waliomuona kakosea, lakini hata siku ile Maalim alikwenda msibani. Na alipofariki mwenyewe Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kazikwa kwao Mtambwe, watu wa kila chama walikuja.

Wazee wa kijiji hichi wanayajua haya kwa miili yao. Ndo waliokuwa wakizika wakiwa watu wanne watano tu 1996. Walipoona vijana hawakuja na majembe walitakiwa watoke wawafate majumbani wawaambie nyie hamjui mnafungua mlango gani, wakakaa kimya tena, kama walivyokaa kimya kwa mzee mwenzao.

Kuna mtu alinambia, mbona Wapalestina wenyewe wanajua kususa. Ni kweli. Shimon Peres, rais na waziri mkuu wa zamani wa Israel, alipokufa Septemba 2016 wabunge wa muungano wa vyama vya Kiarabu ndani ya bunge la Israel walikataa kwenda kwenye maziko yake, wakati Mahmoud Abbas, rais wa Wapalestina, alikwenda, akakaa mbele, na akatukanwa sana na watu wake. Na wale wabunge siwalaumu hata kidogo, mana Peres ndo alikuwa waziri mkuu Aprili 1996 jeshi lake lilipopiga kambi ya Umoja wa Mataifa Qana, Lebanon, wakafa raia zaidi ya 100. Alikuwa na amri na mizinga, na maziko yale yalikuwa ya dola. Mzee wetu alikuwa na simu na ulimi. Hukumu zao haziwezi kuwa moja, na maziko yetu ya kijijini sio maziko ya dola, ukikataa kuchimba hakuna jeshi litakalochimba, atachimba mwanawe.

Yaliyofuata ntayasema kwa ufupi kwa sababu bado hayajatulia. Karibu na arobaini imamu aliwaita wanawe na vijana nyumbani kwake baada ya Magharibi. Yule mama wa jiko ndo aliyemsukuma imamu, na ndo yeye aliyewaambia vijana habari ya vipuli. Walikubaliana kwamba makaburini hasemi mtu wa chama chochote, ni dua na talkini basi, na kwamba kaburi la yeyote wa kijiji litachimbwa na vijana wa kijiji hata kama hakuna atakayebaki kuswali. Watoto wamerudishwa chuoni. Vijana wengi walitoa mkono usiku uleule, yule aliyeandika hakutoa, alisema atakwenda kwa mjane peke yake atakapomaliza eda.

Kilichobaki ni ile picha. Yule mvuvi anataka yafutwe yote na aliyeandika aombe radhi mbele ya watu kwenye grupu lilelile. Kijana anasema picha ataifuta na yale maneno ya kulala nao atayafuta na radhi ataomba kwa hayo, lakini "Hatumlilii" hafuti, kwa sababu ni kweli, hakumlilia na hamlilii mpaka leo. Mimi nimemwambia imamu, na ntamwambia na yule mvuvi nikimuona, kwamba kwa hili kijana ana haki na waliache neno lake, ila picha iondoke leo, isisubiri radhi wala kikao chengine, mana inamuonesha mtu aliyezikwa na inaonesha watoto wanaoungua na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.